Rafu ya kuvunja mguu: tupime kitendo au tupime jeraha?

#1 Kipenga_Mamboleo

Wadau wa Kisumu, Nakuru na Magharibi yote, karibuni tubishane kwa hoja. Kila beki akimkwatua mtu vibaya, Jumatatu kelele ni zile zile: afungiwe mwaka, afungiwe maisha! Nimefungua uzi huu ili tuweke sheria mezani kabla ya hasira.

Sheria ya 12 ya soka ina ngazi tatu. Ya kwanza ni uzembe: mchezaji ameingia bila umakini, basi ni faulo tu, kadi haitolewi. Ya pili ni kutojali: ameingia bila kujali hatari wala matokeo yake kwa mwenzake, hiyo ni kadi ya njano. Ya tatu ni nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mpinzani. Hapo ni nyekundu moja kwa moja, awe ametoka mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au yote miwili.

Sasa angalieni yasiyoandikwa. Hakuna palipoandikwa "mguu ukivunjika". Hakuna "kwa kusudi". Wala hakuna ule wimbo wa mabeki, "lakini niligusa mpira kwanza".

Refa anaangalia nini katika ile nusu sekunde? Anaangalia kasi na umbali aliotoka mkabaji. Mguu umenyooka au goti limekunjwa? Meno ya njumu yanatazama wapi, chini kwenye nyasi au mbele kwenye ugoko? Ameguswa wapi: kwenye kiatu, kwenye kifundo, au juu ya kifundo? Na mpira ulikuwa bado unafikika? Mguu ulionyooka ndio hatari kuliko yote, kwa sababu hauna pa kupunguzia nguvu. Goti lililokunjwa likigonga kitu linakunjika zaidi, na pigo linapungua. Halafu tazama mguu wa anayekabwa. Ukiwa hewani, ukipigwa unasukumwa tu. Ukiwa umekanyaga chini na uzito wote uko juu yake, hauna pa kwenda, ndipo mfupa unapoachia.

Msimamo wangu: adhabu ifuate kitendo. Anayepinga aje.

#2 Mshabiki_Kondele

Napinga mimi! Hayo ni ya darasani, mzee. Straika avunjiwe mguu, akae nje miezi tisa bila marupurupu ya mechi, na aliyemvunja arudi baada ya mechi tatu akicheka? Adhabu iwe moja tu: ukae nje mpaka uliyemvunja arudi uwanjani. Utaona kama kuna mtu ataruka na miguu miwili tena.

#3 Karani_wa_Ligi

Ndugu wa Kondele, wazo lako ni la zamani na linapendwa. Shida yake huonekana ukiketi kuliandika kama kanuni.

Chukua Novemba 3, 2019, Everton dhidi ya Tottenham. Son Heung-min alimchota André Gomes kutoka nyuma, faulo ya kawaida ya kukata shambulizi. Gomes akayumba, akagongana na Serge Aurier, kifundo kikavunjika vibaya. Refa alianza na njano, akaibadilisha kuwa nyekundu baada ya kuona hali ya mguu. Chama cha soka cha Uingereza kikaifuta ile nyekundu baadaye. Kwa kanuni yako Son angekaa nje miezi mitatu na zaidi kwa faulo ambayo wiki yoyote nyingine ni njano.

Sasa geuza upande wa pili. Fainali ya Kombe la Dunia, Julai 11, 2010: Nigel de Jong wa Uholanzi alimpiga Xabi Alonso wa Uhispania kifuani kwa njumu, mguu juu kabisa. Alonso akaendelea na mechi. Kwa kanuni yako de Jong hana deni, maana mwenzake hakukosa hata mechi moja! Refa Howard Webb alimpa njano, na baadaye akakiri kwamba ilistahili nyekundu. Alizibwa na mtu mbele yake.

Tena nani ataamua kwamba majeruhi amepona? Daktari wa klabu yake. Ikiwa aliyeumia ni mchezaji wa akiba na aliyeumiza ni nyota wa timu mnayoshindana nayo kileleni, barua ya kupona itachelewa hadi ligi iishe. Na yule asiyerudi kabisa uwanjani? Umemfungia mwenzake maisha kwa sababu ya udhaifu wa mfupa.

Lakini sikatai kwamba kuna kitu kinachouma. Februari 23, 2008 Martin Taylor wa Birmingham alimvunja mguu Eduardo wa Arsenal mechi ikiwa bado changa. Nyekundu, mechi tatu, basi. Eduardo alikaa nje karibu mwaka. Hapo kanuni inaonekana imelala.

#4 Beki_Nne_Nakuru

Na sisi mabeki tusemewe na nani? Uwanja mkavu wa Januari huku Nakuru ni kama saruji, mpira unaruka hadi kiunoni. Unaingia kwa nia safi, unaupata mpira, mguu unapitiliza, unaambiwa nyekundu. Kama kugusa mpira si kitu, basi semeni tuache kukaba, tuwasindikize washambuliaji hadi golini kama wageni wa harusi.

#5 Kipenga_Mamboleo

Beki Nne, kugusa mpira ni kitu, ila si kinga. Swali ni mguu ulifanya nini baada ya kugusa. Ukiteleza kwa ubavu, goti limekunjwa, mguu wa chini unafagia nyasi, mpira ukiguswa mguu wako unapita chini ya mwenzako, naye anaweza kuuruka. Ukiruka hewani, miguu yote miwili haigusi ardhi, huna breki. Unaweza kuugusa mpira na bado ukatua na meno ya njumu juu ya ugoko wa mtu. Ile hewa uliyokaa ndani yake ndiyo kosa, kwa sababu pale huwezi tena kubadili nia.

Uwanja pia ni juu yako. Kakamega mvua ikinyesha mchana, nyasi inakubeba mita kadhaa zaidi ya ulivyopanga. Udongo mweusi wa huku kwetu nao ukilowa unashika njumu: wewe unateleza, mwenzako amenasa. Anayejua hivyo anaanza kuteleza mapema au anabaki wima. Ukisema "uwanja ulinibeba", refa anasikia "niliingia bila kujali".

Kiwiko kina hesabu yake. Marefa hufunzwa kuuliza: mkono ulikuwa kifaa au silaha? Mtu akiruka, mikono lazima ipande, hiyo ni kifaa. Mkono ukirushwa nyuma au pembeni, ngumi imefungwa, na jicho lilimtafuta mpinzani kabla ya kuruka, hiyo ni silaha.

#6 Raga_Kakamega

Ninyi wa soka mnabishana kwa hisia kwa sababu refa wenu amepewa maneno, hakupewa ngazi za kupanda. Njooni niwaonyeshe raga ilivyopanga.

Mtu akiguswa kichwa au shingo, refa wa raga anapita maswali manne kwa mpangilio, na kwenye mechi za televisheni unamsikia akiyasema kwa sauti. Je, kichwa kimeguswa? Je, ni mchezo mchafu, au ni ajali ya mchezo? Hatari ilikuwa kubwa au ndogo? Je, kuna cha kupunguza? Utaratibu huu umekuwapo tangu 2021, ukitokana na ule wa ukabaji wa juu wa 2019.

Hatari kubwa ina dalili zake: bega au kichwa kimetangulia, mkono umebanwa ubavuni badala ya kukumbatia, kasi kubwa, mkabaji amesimama wima bila kujishusha. Ikiwa kubwa, unaanzia nyekundu. Ikiwa ndogo, unaanzia njano. Kisha cha kupunguza: mbeba mpira alijishusha ghafla, au alibadili njia dakika ya mwisho, au mkabaji alijitahidi waziwazi kushuka. Hicho kinakushusha ngazi moja tu, nyekundu kuwa njano, si zaidi. Na kama kitendo kilikuwa cha kusudi, au ni cha aina isiyoruhusiwa hata kidogo, mfano bega bila mkono, hakuna punguzo.

Fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 2023 kule Paris ndiyo somo. Sam Cane wa New Zealand alimgonga Jesse Kriel kichwani. Refa akatoa njano akaipeleka kwa mwamuzi wa video, ambaye ana dakika 8 za kuamua wakati mchezaji anakaa nje zile dakika 10 za njano. Ikapanda kuwa nyekundu, ya kwanza katika fainali ya wanaume. Kipindi cha pili Siya Kolisi naye akampata Ardie Savea, njano, ikapelekwa kule kule, ikabaki njano. Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Mashabiki walilia "mbona Kolisi hakutolewa?", lakini walikuwa na maswali manne ya kubishania, si "refa ni mwizi".

Adhabu ya baadaye nayo ina ngazi. Ukabaji wa hatari, ngazi ya chini wiki 2, ya kati 6, ya juu 10 na kupanda hadi 52. Kichwa kikiguswa, huanzi chini ya kati. Kumwinua mtu na kumwangusha kwa kichwa ni kuanzia 6, 10 na 14. Ukikiri na rekodi yako ni safi, punguzo laweza kufika nusu.

#7 Mshabiki_Kondele

Wiki 6 zinakuwa 3. Si ni zile zile mechi tatu, bana, mmezipaka rangi tu 😂

#8 Raga_Kakamega

Haya, umenipata hapo, hata mimi napinga punguzo la nusu kuwa kama mazoea. Lakini kuna jambo ulilokosa: yule wa wiki 3 anaweza kufutiwa ya mwisho kama atakubali kurudi darasani na kocha wake kufunzwa kukaba upya. Wanarekodi video zake, wanatambua kosa liko wapi (mara nyingi ni miguu: anasimama mbali, halafu ananyoosha mwili juu badala ya kusogea hatua moja na kukunja kiuno), wanapanga mazoezi, wanaripoti. Soka ina kitu kama hicho? Kwenu mtu anakaa nje mechi tatu na kurudi na mguu ule ule.

#9 Usiku_wa_Manane (Nakuru)

Nimengoja mtu ataje wale wa Marekani wanaocheza kwa helmeti. Hakuna. Mnalala mapema sana.

Kule ligi yao, NFL, kugonga ndiyo kazi, kwa hivyo wameorodhesha kwa undani kugonga gani ni haramu. Tangu 2018 ni kosa kuinamisha kichwa na kumgonga mtu kwa helmeti, popote atakapoguswa. Machi 2024 wakapiga marufuku ukabaji wa kuning'inia kiunoni: unamshika mkimbiaji kwa nyuma, unajipinda, unaachia uzito wako wote, unatua juu ya mguu wake. Kosa lile ni kwa sababu kifundo na goti vinabanwa chini ya kilo 100 na zaidi wakati mwili wa juu bado unaenda mbele.

Adhabu ya papo hapo ni yadi 15, kama mita 13.7, na timu iliyokosewa inaanza upya na majaribio manne. Angalieni faida inaenda kwa nani: aliyeumizwa, dakika ile ile. Baadaye inakuja faini au kusimamishwa bila mshahara. Desemba 1, 2024 Azeez Al-Shaair wa Houston alimgonga Trevor Lawrence ambaye alikuwa ameshateleza kwa miguu, ishara kwamba amejisalimisha na haguswi tena. Alitolewa, akafungiwa mechi 3. Vontaze Burfict mwaka 2019 alifungiwa msimu wote uliobaki, mechi 12, kwa sababu alikuwa mrudiaji.

Lakini sitawadanganya kwamba dawa imeponya. Kareem Jackson wa Denver mwaka 2023 alifungiwa mechi 4, zikapunguzwa kuwa 2 kwa rufaa, akarudi, na katika mechi ile ile ya kurudi akamgonga Joshua Dobbs kwa njia ile ile. Mechi 4 tena.

#10 Karani_wa_Ligi

Huyo Jackson ni hoja ya Raga kuliko ya Kondele. Asante.

Sasa hesabu, maana watu wanalinganisha mechi tatu za huku na tatu za kule kana kwamba ni sawa. NFL wana mechi 17 kwa timu. Tatu ni karibu asilimia 18 ya msimu. Ligi ya timu 18, kama yetu ya juu, ina mechi 34: sehemu ile ile ingekuwa mechi 6. Ligi ya Uingereza ina 38, hapo tatu ni asilimia 8. Kanuni za nidhamu za FIFA zenyewe zinaweka kima cha chini cha mechi 2 kwa rafu mbaya na 3 kwa kupiga, kiwiko kikiwemo. Ni kima cha chini! Kamati yoyote inaweza kupanda. Tatizo la kamati nyingi ni kwamba sakafu imegeuzwa dari.

Ila hoja ya Usiku kuhusu nani anafaidi ndiyo nzito. Mchezaji akifungiwa mechi tatu zijazo, wanaofaidi ni timu tatu zijazo. Aliyevunjiwa mguu hapati kitu. Kumbukeni Sevilla, Julai 8, 1982, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kipa Harald Schumacher wa Ujerumani Magharibi alimrukia Patrick Battiston wa Ufaransa kwa nyonga, akamng'oa meno na kumvunja mfupa wa uti. Refa hakutoa hata faulo, alitoa goli kiki! Battiston alikuwa ameingia kama mchezaji wa akiba. Siku hizo akiba walikuwa wawili tu, kwa hivyo Ufaransa ikamaliza nafasi zake zote kwa ajili yake. Na Schumacher? Alibaki golini na kupangua penalti mbili. Ungemfungia miaka mitano baadaye, Ufaransa ingepata nini?

Ndiyo maana sitaki adhabu ya uwanjani ilegezwe kwa kisingizio kwamba "kamati itashughulikia".

#11 Beki_Nne_Nakuru

Basi karani, unasemaje kuhusu ile nyekundu ya dakika 20 ya raga? Mchezaji anatoka, harudi, lakini baada ya dakika 20 timu inaingiza mwingine. Naiona ina haki: aliyekosa anaadhibiwa, mashabiki hawaharibiwi mechi.

#12 Raga_Kakamega

Hiyo imeleta vita kwetu pia. Ilianza kujaribiwa kwa upana baada ya Novemba 2024, na Ufaransa na Ireland walikuwa mstari wa mbele kuipinga. Wanaoiunga wanasema kosa la mtu mmoja la kiufundi lisiue mechi ya watu 29 wengine. Wanaoipinga, nikiwemo, wanasema hii: mshahara wa kocha hutegemea matokeo. Kocha akijua atacheza pungufu dakika 60, anafundisha ukabaji wa chini kuanzia Jumanne. Akijua ni 20, na benchi lake ni zito, shinikizo limepungua. Nyekundu ya kudumu bado ipo kwa mchezo mchafu wa wazi, lakini mstari kati ya hizo mbili ni mwembamba kama uzi wa kushonea.

Kwa raga ya wachezaji saba kila upande, kule kwenye mashindano ya Prinsloo na Dala, njano ni dakika 2 tu, lakini mechi yenyewe ni 14. Pungufu mmoja kati ya saba kwa dakika mbili huzaa trai (bao la raga) moja au mbili. Ndiyo maana wachezaji wa saba hushusha mabega haraka kuliko wa kumi na tano. Adhabu inauma palepale.

#13 Tabibu_wa_Laini

Mmesahau benchi la matibabu. Mambo matatu tu.

Kwanza, si kila pigo la hatari ni kosa. Januari 2, 2023 Damar Hamlin wa Buffalo, kule NFL, alimkaba mtu kihalali kabisa, akasimama, akaanguka, moyo umesimama. Pigo la kifua likifika katika nafasi fulani ndogo mno kati ya mapigo ya moyo, mdundo unavurugika. Aliokolewa na watu walioanza kumkandamiza kifua palepale, kisha mashine ya kushtua moyo. Uwanja usio na mtu anayejua kukandamiza (mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6) hauokolewi na kamati ya nidhamu.

Pili, mtikisiko wa ubongo. Soka inaruhusu mechi isimamishwe hadi dakika 3 ili mchezaji apimwe. Tangu Julai 2024 ligi zinaweza kutumia nafasi ya ziada ya kumbadilisha aliyetikiswa ubongo, bila kuhesabiwa kwenye zile za kawaida, na aliyetoka harudi. Lakini someni kanuni hadi mwisho: timu moja ikitumia nafasi hiyo, timu nyingine nayo inapewa mabadiliko ya ziada. Maana yake beki akimpiga mtu kiwiko, refa akakosa kuona, timu ya yule beki inapata mchezaji mbichi wa ziada! Sababu ni kuzuia wanaojifanya wagonjwa, naielewa. Lakini pale ambapo kadi nyekundu imetolewa kwa tukio lile lile, sioni kwa nini aliyekosa apewe zawadi.

Tatu, tafadhali, acheni vijiko. Mtu amezimia, mnakimbilia kufungua mdomo kwa kijiko au vidole "asimeze ulimi". Ulimi haumezwi, unaanguka nyuma. Shika kichwa kisicheze, maana shingo huenda imeumia, sukuma taya mbele kwa vidole vya pande zote mbili, njia ya hewa inafunguka. Akiamka akasema yuko sawa, hachezi tena siku hiyo, hata kama ni fainali.

#14 Mwalimu_Michezo_Vihiga

Mjadala mzuri, ila mwingi ni wa watu wenye kamera. Huku ligi za kaunti refa yuko peke yake na vibendera wawili, pengine mmoja ni wa kuazima. Kamati inakaa wiki mbili baadaye na karatasi moja ya ripoti. Nisaidieni: ripoti iandikweje isipasuliwe na mawakili wa klabu?

Na lile benchi la adhabu la dakika 10 kama la njano ya raga, je, sisi tunaweza kulitumia?

#15 Kipenga_Mamboleo

Nianze na la benchi, mwalimu. Sheria inaruhusu kutolewa kwa muda katika soka ya vijana, maveterani, walemavu na ngazi za chini, kwa asilimia 10 hadi 15 ya muda wa mechi. Kwa dakika 90 ni kama 10. Lakini linachukua nafasi ya adhabu za njano tu. Rafu ya kuhatarisha haiendi benchi, inaenda nyumbani. Wanaolitumia kumsitiri mtu aliyestahili nyekundu wanaharibu dhana nzima.

Ripoti sasa. Kosa la marefa wengi ni kuandika hukumu badala ya picha. "Namba 5 alicheza vibaya sana kwa hasira na nia mbaya." Wakili anauliza: nia uliionaje? Umekwisha.

Andika hivi: "Dakika ya 63, matokeo 1-0, mita 5 kutoka mstari wa pembeni mbele ya benchi la wenyeji. Namba 5 wa wageni aliruka kutoka umbali wa takriban mita 2, mguu wa kulia umenyooka, meno ya njumu mbele, akamgonga namba 10 juu ya kifundo cha mguu wa kushoto uliokuwa umekanyaga chini. Mpira ulikuwa umeshapita. Nilikuwa mita 12, sikuzibwa na mtu." Halafu mstari wa mwisho: rafu mbaya, nguvu kupita kiasi, nyekundu moja kwa moja. Machela na hospitali viandike kwenye aya tofauti, usivichanganye na maelezo ya kosa.

Ili uweze kuandika "mita 12, sikuzibwa" lazima uwe pale kweli. Refa wengi hukimbia nyuma ya mchezo kwa mstari ulionyooka, wanaona migongo. Kaa pembeni kidogo, uone nafasi kati ya miguu ya wawili, siyo nambari za jezi.

Na usiache mchezo uendelee kwa faida kwenye rafu mbaya, isipokuwa nafasi ya bao iko wazi kabisa. Ukiacha, nyekundu inasubiri mpira ukitoka. Yule aliyekosa akiugusa mpira au kumkabili mtu kabla ya hapo, simamisha, mtoe, anza na faulo isiyo ya moja kwa moja.

#16 Mshabiki_Kondele

Siku hizi kila mtu ana simu. Mbona kamati isichukue klipu zetu? Tukiwaletea video, mnasema "uamuzi wa refa ni wa mwisho".

#17 Karani_wa_Ligi

Klipu inasaidia kwa kosa ambalo refa hakuliona. Kwa lile aliloliona akaamua, mlango ni mwembamba sana, na hapa nakubali kwamba kanuni hutoa matokeo ya ajabu. Kombe la Dunia 2014: Luis Suárez alimng'ata Chiellini, marefa hawakuona, FIFA ikamfungia mechi 9 za kimataifa na miezi minne nje ya soka lote. Siku chache baadaye Zúñiga wa Kolombia akampiga Neymar goti mgongoni, mfupa wa uti ukavunjika, mashindano yakamwishia. Refa alikuwa ameona mgongano na kuacha mchezo uendelee, kwa hivyo ikasemwa tukio halikuwakwepa waamuzi, hakuna la kufanya. Aliyeng'ata, mechi tisa. Aliyevunja mgongo, sifuri.

Mkileta klipu, leteni nzima, isiyokatwa, kuanzia sekunde kadhaa kabla ya tukio, na ikiwezekana faili lenyewe badala ya lile lililopita kwenye makundi matano ya WhatsApp likapoteza ubora. Tena msiipunguze kasi. Mwendo wa polepole unafaa kuonyesha mahali palipoguswa tu. Nguvu ya pigo huangaliwa kwa mwendo wa kawaida, na hata utaratibu wa VAR (mwamuzi wa video wa soka) unasema hivyo. Ukipunguza kasi, kila beki anaonekana muuaji, maana anaonekana alikuwa na muda mrefu wa kufikiri ambao kwa kweli hakuwa nao.

#18 Beki_Nne_Nakuru

Hilo la mwendo wa polepole liandikwe kwenye lango la kila uwanja. 👏

#19 Mwalimu_Michezo_Vihiga

Swali la mwisho kwa bwana kipenga. Refa ametoa njano. Mchezo haujaanza tena. Daktari anavua soksi ya majeruhi, kuna alama tatu za meno ya njumu sentimita 10 juu ya kifundo, damu inatoka. Refa akibadilisha kuwa nyekundu, si amefanya kosa lile lile la mechi ya Son? Amepima jeraha.

#20 Kipenga_Mamboleo

Mwalimu, umenikamata pazuri. Kabla mchezo haujaanza tena, refa anaruhusiwa kubadili uamuzi akitambua amekosea, au akishauriwa na mwamuzi mwenzake. Kwa hivyo muda anao.

Damu si sababu. Mfupa uliotokeza si sababu. Lakini alama za njumu zinajibu swali ambalo jicho lilikosa: ameguswa wapi, na kwa sehemu gani ya kiatu. Ikiwa alitoa njano akidhani ni kiatu kwa kiatu, na sasa anajua meno yote yalitua kwenye ugoko, picha ya kitendo imebadilika. Amuite kibendera aliyekuwa karibu, amuulize mambo mawili tu: mguu ulikuwa umenyooka? Alikuwa hewani? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, nyekundu. Kibendera akisema mguu ulikuwa unafagia chini na yule mwingine ndiye aliyekanyaga juu yake, njano ibaki, hata soksi ikiwa imelowa yote.

#21 Karani_wa_Ligi

Na aandike kwenye ripoti kwamba alibadilisha, dakika gani, na kibendera alimwambia nini. Asiandike neno "damu" kwenye aya ile.